Kutoka redio ya kijiji hadi spika ndefu za Kizota

Jamaa mmoja wa Kizota kauza sabufa, kavuta spika ndefu za kusimama, zinamfika kiunoni. Akiwasha sinema, besi inatikisa dirisha! Babu yake kacheka tu. Enzi zake watu walizunguka redio moja ya betri kusikiliza Redio Tanzania. Zanzibar ilipata TV ya rangi miaka ya 1970, Bara tukasubiri hadi 1994. Hata hapo wengi tulibanana kwenye vibanda umiza, kiingilio mkononi. Leo kila mtu na sinema yake sebuleni. Sauti imekua, wasikilizaji wamepungua. Jamaa kalielewa hilo: Jumamosi kafungua mlango, majirani wakajaa, babu kakaa mbele. Wewe ukivuta zako, utamwita nani?