Mlango Ulifunguliwa, Je, Wameingia Wangapi?



Mwaka 1794, Ufaransa ilianzisha École polytechnique ili kuwaandaa wahandisi wa taifa. Mwaka 1804 Napoleon aliifanya kuwa shule ya kijeshi, na kwa karibu miaka 180 ilibaki ya wanaume peke yao. Mwanamke hakuhesabiwa kuwa askari, basi hakuweza kuwa mwanafunzi wake.

Marie-Louise Paris, aliyesomea uhandisi wa umeme huko Grenoble, hakungoja sheria ibadilike. Mwaka 1925 alifungua mjini Paris shule ya uhandisi kwa ajili ya wasichana, iliyokuja kuitwa École polytechnique féminine. Alianza bila jengo lake, akifundishia katika vyumba vya taasisi nyingine. Shule hiyo ingali hai, na tangu mwaka 1994 hupokea wavulana pia.

Hatimaye, mwaka 1972, École polytechnique ikawakubali wasichana. Waliingia saba tu; lakini aliyeshinda wote katika mtihani wa kuingia alikuwa mmoja wao, Anne Chopinet. Waliodai kwamba hesabu si kazi ya akili ya mwanamke walikosa la kusema.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 50 imepita, na katika shule zote za uhandisi za Ufaransa wasichana hawajafikia theluthi moja. Idadi yao ilipanda haraka mwanzoni, kisha ikapunguza mwendo. Tena hawakutawanyika sawasawa: katika uhandisi wa kilimo ni wengi kuliko wavulana, lakini katika kompyuta na mitambo ni wachache. Sheria haiwakatazi tena. Kinachowazuia kilianza mapema zaidi, pale mtoto alipoambiwa ni masomo gani yanamfaa.

Nasi tunalijua jambo hilo. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, shule za wasichana katika Kongo zilifundisha hasa kushona, kupika na kulea watoto. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini Mkongomani wa kwanza wa kike kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, alihitimu mwaka 1964. Miaka miwili baadaye akawa waziri. Na mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona roboti zikiongoza magari barabarani, kazi ya mhandisi wa kike, Thérèse Izay.

Basi, siku ya kuchagua seksheni inapofika, msichana anayependa hesabu na fizikia asichekwe, wala kaka yake asidhani kwamba karo ya shule ni haki yake kwanza. Sheria huandikwa na wakubwa. Lakini neno la kumvunja moyo au la kumtia nguvu mara nyingi hutoka kwetu, nyumbani na darasani.