Ekari Tano za Jeevanjee

Katikati ya Nairobi, mahali ambapo hata nafasi ya kibanda cha magazeti huwa na watu watatu wanaoimezea mate, kuna ekari tano hivi zisizo na ghorofa. Zinapakana na Moi Avenue, Muindi Mbingu Street, Monrovia na Moktar Daddah. Mchana makarani hujinyoosha kwenye nyasi, wahubiri hushindana kwa sauti, na chini ya miti wanachama wa Bunge la Mwananchi hujadili bajeti ya serikali kwa ukali ambao bunge lile jingine, lenye marupurupu, halijawahi kuufikia. Hii ndiyo Bustani ya Jeevanjee. Kwamba ipo hadi leo si jambo la kawaida, na historia yake inaeleza mengi kuhusu namna baraza la mji lilivyolea mali ya umma, na namna lilivyoshindwa kuilea.

Nairobi haikuanzishwa ili iwe mji. Reli ya Uganda iliufikia uwanda huo tarehe 30 Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa, na wahandisi wakataka tu sehemu tambarare ya kupumzikia na kutengenezea treni kabla ya kukabili mteremko wa Bonde la Ufa. Maji yalikuwepo. Udongo ulikuwa ule mweusi unaogeuka tope mvua ikinyesha, lakini gari la moshi halisumbuliwi na malaria. Ofisa wa kikoloni John Ainsworth akahamishia ofisi yake hapo kutoka Machakos, na Aprili 1900 zikatangazwa kanuni za manispaa. Mipaka ya mji iliwekwa kwa njia rahisi mno: maili moja na nusu kila upande kutoka ofisini kwa Ainsworth.

Ndani ya duara hilo, kamati ya kwanza ya mji ilikuwa na mamlaka juu ya takataka, mitaro na taa, lakini ardhi yenyewe haikuwa yake. Sehemu kubwa ya katikati ilikuwa ya Reli, na iliyobaki ilikuwa ya Serikali ya Mwingereza. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo mengi yaliyofuata. Mji ulikuwa na wasimamizi kabla ya kuwa na mali ya kusimamia, na kila walipohitaji soko, bustani au ukumbi walilazimika kuomba, kukodi au kungoja mfadhili.

Mfadhili akawa Alibhai Mulla Jeevanjee. Alizaliwa Karachi mwaka 1856 katika jamii ya Bohora, akafika Mombasa mwaka 1890 au karibu na hapo, na utajiri wake ukakua pamoja na reli: alileta vibarua kutoka India, akawapelekea chakula, akajenga majengo. Mwaka 1901 alianzisha gazeti la African Standard, ambalo baadaye lilihamia mikononi mwa Wazungu na hatimaye likawa Standard tunalolijua. Watu hupenda kumchora kama mtakatifu wa kutoa sadaka. Mimi namwona zaidi kama mfanyabiashara aliyeijua vizuri ardhi ya mji. Alijenga soko, manispaa ikalitumia, naye akapata chake. Hakuna aibu katika hilo. Mji usio na senti ulihitaji mtu mwenye mtaji, na yeye alihitaji mji usimame.

Lakini sadaka ya mwaka 1906 ina sura nyingine. Miaka minne kabla yake, tauni ilipozuka, maofisa walitia moto Bazaar ya Wahindi wakidai kwamba huko ndiko kulikokuwa na uchafu uliouleta ugonjwa. Hapo ndipo lilipoota wazo lililoutawala mpango wa mji kwa nusu karne: kwamba Mhindi na Mwafrika ni hatari kwa afya, kwa hiyo wakae mbali. Jeevanjee akajibu kwa kutengeneza bustani kwa fedha zake na kuwapa watu wa Nairobi, hasa maskini, wapate pa kupumzikia. Ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa na Duke wa Connaught, mtoto wa malkia huyohuyo. Naamini sanamu hiyo ilikuwa hesabu ya mtu mjanja. Ofisa wa kikoloni anaweza kuvunja duka la Mhindi na kulala usingizi, lakini kuing'oa bustani alimosimama Malkia ni habari nyingine. Mwaka 1910 Jeevanjee akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi hiyo. Alifariki mwaka 1936, baada ya kupigana kwa miaka mingi na sera ya kuwanyima Wahindi ardhi ya Nyanda za Juu.

Zawadi nyingine katika mji huohuo inafaa kutazamwa kando ya hii. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nzito na simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Mmarekani tajiri, William Northrup McMillan. Mkewe ndiye aliyeisukuma kazi hiyo. Maktaba ikapata sheria yake mahususi ya kuilinda, na ikawa ya Wazungu peke yao hadi mwaka 1962, baraza la jiji lilipoichukua na kuwafungulia wote. Bustani ya Mhindi haikuwa na sheria yoyote ya kuikinga, lakini tangu mwanzo ilikuwa ya kila mtu.

Kati ya hapo na uhuru, kazi kubwa ya baraza katika mambo ya ardhi ilikuwa kupanga nani akae wapi. Kilimani na Muthaiga kwa Wazungu, Parklands kwa Wahindi, na mashariki, ng'ambo ya reli na mto, kwa Waafrika. Pumwani ilipimwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili kukusanya vijiji vya Waafrika vilivyokuwa vimetawanyika. Pangani, iliyokuwa na misikiti na nyumba za kupangisha za Waswahili, ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Jina hilo wenyeji walilitoa wenyewe, na halihitaji maelezo. Baraza likawa mwenye nyumba mkubwa wa Eastlands: Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni. Kodi ilikusanywa kila mwezi, lakini mpangaji Mwafrika hakuwa na kura ya kumchagua diwani. Mji ukapewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, na Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika mwaka 1962.

Miaka ya mwanzo ya uhuru haikuwa mibaya kama watu wanavyodhani. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969. Madiwani waligombana, lakini waligombana kwenye kumbi ambako waandishi wa habari waliruhusiwa kukaa. Kisha, mwaka 1983, serikali ikalivunja baraza ikitaja ufisadi na uzembe, na City Hall, makao ya baraza hilo, ikakabidhiwa tume ya watu walioteuliwa. Tume ilidumu hadi uchaguzi wa 1992. Karibu miaka kumi, mwananchi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumlalamikia kuhusu choo cha mtaa kilichofungwa wala uwanja wa watoto uliozungushiwa mabati.

Wakati huohuo, ardhi ya umma ilikuwa imegeuka sarafu ya siasa. Utaratibu ulikuwa hivi. Sheria ya Ardhi ya Serikali ilimpa rais uwezo wa kugawa ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa mtu, na Kamishna wa Ardhi akafanya kazi hiyo kwa niaba yake. Viwanja vya mjini vilitakiwa viuzwe kwa mnada wa hadhara isipokuwa rais aelekeze vinginevyo, na neno "vinginevyo" likawa mlango mpana kuliko mnada wenyewe. Mtu anapata barua ya kugawiwa kiwanja. Hajengi. Mara nyingi hata ada hajalipa. Anaiuza barua hiyo kwa mwingine, naye anaipeleka kwa wa tatu, na hati inapotoka jina la mnyakuzi wa kwanza limeshazikwa chini ya mafaili. Mara kwa mara mnunuzi wa mwisho alikuwa shirika la umma lenyewe, likiwemo shirika la hifadhi ya jamii, NSSF, lililonunua kwa michango ya wafanyakazi ardhi ambayo serikali ilikuwa imeigawa kwa bei ya kutupa. Mwananchi alinyang'anywa kiwanja, kisha akakilipia.

Katika mzunguko huo baraza la jiji, au tume iliyokaa mahali pake, lilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Lilikuwa na ramani, lilijua ipi ni hifadhi ya barabara na upi ni uwanja wa shule, na mipango ya ujenzi ilipitia mezani kwake. Lilinyamaza, na pale liliponena, mara nyingi lilinena upande wa aliyekuwa na barua. Baadhi ya maofisa na madiwani walikuwa na barua zao pia.

Mwaka 1989 chama tawala kilitangaza jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park kwa ajili ya shirika la habari la Kenya Times. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, akaandika barua, akaenda mahakamani, akatukanwa bungeni, na wafadhili wa mradi wakajiondoa. Mwaka 1991 ikawa zamu ya Jeevanjee: jengo la ghorofa, magari ya kuegeshwa na maduka. Waliopanga walidhani wamechagua kitu chepesi. Uhuru Park kila mtu aliijua. Bustani ya Jeevanjee ilikuwa mahali pa watu wasio na kazi, na nani angetoka nje kuwatetea?

Waliotoka walikuwa binti yake Jeevanjee na mjukuu wake, Zarina Patel. Walikuwa na kitu ambacho watetezi wa viwanja vingi vya Nairobi hawakuwa nacho: hoja kwamba ardhi hiyo haikuwa ya baraza wala ya serikali, ilitolewa na mtu kwa watu. Maathai akajiunga nao. Magazeti yakaandika. Mpango ukarudishwa kabatini. Zarina Patel baadaye aliandika maisha ya babu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, na kutokana na ugomvi wa kiwanja tukapata historia ya mtu ambaye vitabu vya shule vilikuwa vimemsahau.

Hapa inafaa kuwa mkweli. Bustani haikuokolewa na mfumo. Iliokolewa kwa sababu ilikuwa na jina la familia, na familia hiyo ilikuwa hai, ina elimu, ina marafiki wa kupiga kelele. Choo cha umma hakina mjukuu. Uwanja wa mpira wa mtaa wa Eastlands haukuzinduliwa na mwanamfalme. Viwanja vya namna hiyo viliendelea kumezwa miaka yote ya 1990, hata baada ya madiwani kurudi City Hall kwa uchaguzi. Mwaka 1994 wanaharakati wa Mazingira Institute walianzisha Operation Firimbi, wakiwahimiza wananchi wapulize firimbi popote wanapoona mabati yameota usiku kwenye ardhi ya umma. Watu walipuliza, na wakati mwingine kuta zilibomolewa na wakazi wenyewe.

Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza unyakuzi wa ardhi ya umma na kumaliza kazi mwaka uliofuata, iliweka hesabu mezani: hati haramu zipatazo 200,000 zilizotolewa kati ya 1962 na 2002, nyingi mno tangu mwaka 1986. Mabaraza ya mitaa yalilaumiwa waziwazi. Yalikabidhiwa mali ya watu yaitunze, yakawa miongoni mwa walioila. Tume ikapendekeza hati hizo zifutwe. Ilikuwa rahisi kuandika. Juu ya viwanja hivyo kulikuwa na majumba, ndani ya majumba kulikuwa na wapangaji, na hati zenyewe zilikuwa benki kama dhamana ya mikopo. Kila mwenye hati alijitetea kwa maneno yaleyale: mimi nilinunua kwa nia njema, muulizeni aliyeniuzia.

Katiba ya 2010 ikaitenga ardhi ya umma kama aina yake yenyewe na kuunda Tume ya Taifa ya Ardhi. Baraza la Jiji la Nairobi likafa mwaka 2013, kaunti ikarithi bustani, nyumba za Eastlands, madeni na makanjo, yaani askari wa jiji. Utetezi wa mnunuzi mwenye nia njema ukabaki, ukizunguka mahakama hadi mahakama, hadi tarehe 21 Aprili 2023. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kando ya bahari. Kiligawiwa mwaka 1989 kwa Rais Moi mwenyewe, kikauzwa, kikauzwa tena, na mwaka 2017 kaunti ikavunja ukuta ili watu wapate njia ya kwenda ufukweni. Majaji wakasema ardhi hiyo ilikuwa eneo la wazi la umma tangu mwanzo, ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na kwa hiyo hakuna mnunuzi aliyefuata aliyepata kitu, hata kama alilipa kila senti. Tangu hapo mawakili wa ardhi wa Mombasa na Nairobi hawaridhiki na hati mkononi. Wanarudi nyuma kwenye mafaili hadi barua ya kwanza, na kwa viwanja vya miaka ya themanini na tisini, wateja wao hawapendi wanachokikuta humo.