Mafuta ya karafuu: usanifishaji wake
Mafuta ya karafuu hutolewa kwa mvuke kutoka matumba, makonyo au majani ya mkarafuu. Yote yana eujenoli nyingi, kemikali inayotia ganzi jino linalouma, na ndiyo maana wengi hudhani kuwa kuipima hiyo peke yake kunatosha. Hakutoshi. Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka mafuta ya matumba yawe na eujenoli asilimia 75 hadi 88, pamoja na asetati ya eujenili asilimia 4 hadi 15. Kipimo hiki cha pili ndicho kinacholinda mnunuzi: mafuta ya majani, ambayo ni rahisi zaidi, yana asetati hiyo kidogo mno, hivyo yakichanganywa kwa wingi na ya matumba hufichuka kwenye kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha na kupima kemikali.

Wapo wanaosema viwango huwaonea wakulima, kwani udongo, hali ya hewa na ukomavu wa matumba yanapochumwa hubadili mafuta. Ni kweli hubadili, na kwa sababu hiyo hiyo kiwango kimewekewa kima cha chini na cha juu. Tena kila aina hupimwa kwa kiwango chake: mafuta ya makonyo, yanayozalishwa Pemba, yana kiwango chake cha Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) na yanastahili kuuzwa kwa jina lake.