Ngugi Katika Theluji

Januari ile niliipitisha Boston, nikisoma mchana na usiku nikilala na soksi jozi mbili. Nyumbani Nakuru nilikuwa nakimbia. Si mkimbiaji wa kutajwa, la, ila kila alfajiri lazima nizunguke mtaa kabla ya chai. Kule nilitoka siku moja tu. Kope zilishikana, vidole vikafa ganzi, dakika kumi nyingi, nikarudi chumbani mbio kuliko nilivyotoka. Wiki tatu zikapita sijakimbia. Nikaacha pia kuandika, nikaacha kupiga simu nyumbani, nikaanza kuhesabu pesa za tikiti ya kurudi.

Wenzangu darasani walipojua natoka Kenya, wote walikuwa na hadithi ileile. Eti namjua yule Mkenya wa Nagano? Ni Philip Boit, mwaka 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi. Aliingia kilomita 10 za skii akamaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie akamngoja kwenye mstari wa mwisho, akamkumbatia. Ni hadithi nzuri, sibishi, na Boit alifanya jambo la kiume. Lakini inavyosimuliwa kule, husimuliwa kwa kicheko kidogo. Mkenya na theluji, bwana! Nami nilicheka nao. Ilinipa sababu ya kubaki kitandani.

Aliyeniharibia starehe hiyo ni mzee mmoja wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akichota theluji ngazini kila asubuhi. "Wewe ni wa Kenya?" akaniuliza. "Mwenzenu alishinda hapa Franklin Park. Theluji hivihivi. Nilikuwepo." Nikadhani mzee anachanganya mambo. Nikaenda maktaba kumsuta, kumbe mimi ndiye wa kusutwa.

Machi 1992 mbio za nyika za dunia zilifanyika Franklin Park, Boston, na njia ilikuwa imefunikwa na theluji. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 12. Wa kwanza, dakika 37 na sekunde 5, alikuwa John Ngugi. Wa pili, sekunde 12 nyuma, William Mutwol, Mkenya pia. Hao ndio Wakenya wa theluji, miaka sita kabla ya Nagano, na darasani kwetu hapakuwa na hata mmoja aliyewataja. Wa mwisho anakumbukwa, wa kwanza amesahauliwa! Mimi naona si bahati mbaya. Watu hupenda hadithi inayokubaliana na walichokwisha kuamini, na sisi wenyewe tunaipokea hivyohivyo tunapouziwa.

Ushindi ule haukuwa wa kijana anayechipukia. Ngugi alikuwa amechukua taji la nyika mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989, na katikati hapo dhahabu ya mita 5,000 kule Seoul mwaka 1988. Seoul alifanya kitu ambacho wataalamu walikiona wazimu: kilomita moja tu imekwisha, akachomoka peke yake, akawaachia wengine kazi ya kumfukuza. Hawakumpata. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1990, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Auckland, alianguka katika mita 5,000. Akainuka, akawafuata, akawapita, akaongoza, na pale utepeni Andrew Lloyd wa Australia akampokonya dhahabu kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Taji la nyika nalo likaenda kwa Khalid Skah wa Moroko, 1990 na 1991. Kwa hiyo aliyesimama kwenye theluji ya Boston alikuwa mtu ambaye wengi walikwisha mzika. Akaondoka na taji la tano, na kabla yake hakuna mwanaume aliyefikisha matano.

Waandishi watakwambia alikuwa na moyo wa simba. Haya. Mimi nafikiri alikuwa na mazoea. Ngugi alifanyia mazoezi Nyahururu, kama mita 2,300 juu ya bahari, na anayedhani Kenya yote ni jua hajaamka alfajiri pande zile. Jirani hapo Nyandarua kuna asubuhi majani huwa meupe kwa jalidi na wakulima wa viazi hulia. Na kocha Mike Kosgei alikuwa akiwapeleka kambini Kigari, Embu, kwenye mabega ya Mlima Kenya, wakikimbia mara tatu kwa siku. Kwa watu hao baridi haikuwa habari. Ilikuwa asubuhi.

Hadithi yake haikuisha vizuri. Mwaka 1993 alifungiwa kwa kukataa kupimwa dawa na mtu aliyemfuata nyumbani bila taarifa. Baadaye adhabu ilipunguzwa, lakini miguu haingoji kamati.

Jumamosi iliyofuata nikavaa glavu nikaenda Franklin Park. Kuna kilima pale kinaitwa Bear Cage Hill, kwa sababu ya vizimba vya dubu vya zamani, na wakimbiaji wa nyika hukipanda mpaka leo. Nilikipanda polepole, theluji ikigandamana chini ya viatu kama ugali sufuriani. Pua iliuma. Vidole viliuma, halafu baada ya robo saa vikapata moto, jambo ambalo ile siku ya kwanza sikungoja nilione. Nilizunguka mara mbili.

Niliporudi mzee alikuwa ngazini. Akaniuliza nimetumia muda gani. Nikamwambia dakika 41, na njia yenyewe haikufika nusu ya ile ya Ngugi. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akanipa koleo.