Gari la dizeli linamisi? Soma moshi kwanza

Injini ya dizeli ikianza kumisi njia ya Kibiti–Mloka, karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, usibahatishe. Tazama moshi:

Mweusi: dizeli nyingi au hewa kidogo. Kagua chujio la hewa na nozeli.

Mweupe: dizeli haiungui vizuri, au maji ya rejeta yanaingia ndani.

Bluu: oili inaungua.

Hakuna moshi, ila linakatakata? Mwaga maji yaliyotuama kwenye chujio la dizeli, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono.

Kwa injini za zamani, fundi hulegeza nati za paipu za nozeli moja moja. Mlio usipobadilika, silinda hiyo ndiyo mbovu. Kwa nozeli za umeme usithubutu: presha yake hupenyeza dizeli kwenye ngozi. Ikitokea, wahi hospitali.