Nchi ya Wagusii Ilivyohesabiwa, na Hisabu Ilivyorudi Nyumbani

Ni kaumu chache za Afrika ya Mashariki zilizoulizwa maswali, zikatazamwa na kuandikwa na wataalamu wa ilimu ya jamii kwa muda mrefu kama walivyofanyiwa Wagusii, wenyeji wa vilima vya Kisii na Nyamira nchini Kenya; na ajabu ya tarehe hiyo ni kuwa habari zilichumwa hapa kama buni na kukaangwa ng'ambo, hata yule aliyezitoa, aliyekaa mbele ya nyumba yake akajibu maswali ya mgeni mchana kutwa, aghalabu hakupata kujua hisabu yake ilitoka vipi.

Wa awali kati ya wataalamu hao alikuwa Philip Mayer, aliyefanya kazi chini ya serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, akatoa mwaka 1949 maandishi juu ya nasaba na koo, na mwaka 1950 mengine juu ya sheria na desturi ya mahari. Mahari ya Kigusii, nayo ni mifugo ya kuhesabika, ni jambo ambalo kwa tabia yake ladai jedwali: kila ndoa na mstari wake, na katika mstari huo mwaka wa ndoa, idadi ya ng'ombe, idadi ya mbuzi, kilicholipwa na kilichobaki deni. Wazee waliokuwa wakiyahifadhi hayo yote vifuani bila ya karatasi hawakuwa na haja ya kufunzwa maana ya safu. Walilokosa ni wasaa na chombo cha kuzilinganisha ndoa elfu kwa pamoja.

Kisha wakaja Robert na Barbara LeVine, waliokaa kati ya mwaka 1955 na 1957 katika mtaa wa maboma yaliyotawanyika, walioupa katika maandishi yao jina la Nyansongo. Kazi yao ilikuwa sehemu ya uchunguzi mkubwa ulioongozwa na Beatrice na John Whiting wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliowalinganisha watoto wa jamii sita: Wagusii, Warajput wa Uhindi, watu wa Okinawa, wa Ufilipino, wa Mexico na wa mji mmoja wa Marekani yenyewe. Mtoto alitazamwa kwa vipindi vya dakika tano tano, na kila alilolitenda na alilotendewa likaandikwa kwa tafsili, kwa msaada wa vijana wenyeji wenye kuijua lugha. Baadaye kila tendo likatiwa katika mojawapo ya mafungu 12, mathalan kusaidia, kutaka kusaidiwa, kukemea, kutawala, au kupiga. Watoto wote walikuwa 134, na wa Nyansongo kati yao ni 16 tu.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwani ndipo ilipo siri ya uchambuzi wote wa namna hii. Tendo la mtoto anayembembeleza mdogo wake aliaye si nambari, ni tendo. Likishatiwa katika fungu, likapewa alama na kuwekwa chini ya jina la mtoto, umri wake na jinsia yake, limekuwa kitu kiwezacho kujumlishwa na kugawanywa, na kwa jumla hizo ikabainika kwamba watoto wa Nyansongo, waliokuwa wakilea wadogo zao, wakichunga ng'ombe, wakiteka maji na kuchanja kuni, walikuwa miongoni mwa waliozidi wenzao wa nchi nyingine katika kuwaangalia wengine na kuwaongoza kwa dhamana. Mzazi yeyote wa Kigusii angaliweza kuyasema hayo bila ya kuulizwa mara mbili. Walakini kauli ya mzazi ni dai, na jedwali ni ithibati. Kitabu chenye matokeo hayo kilitoka mwaka 1975, karibu miaka 20 baada ya watoto kutazamwa, na wengi wao wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Haikupita miaka mingi, katika chuo kikuu hicho hicho cha Harvard, mwanafunzi wa biashara aitwaye Dan Bricklin akamtazama mwalimu wake akiandika safu za nambari ubaoni, akifuta moja na kulazimika kuzifuta zote zilizoitegemea; akawaza ubao ambao ukibadilisha nambari moja, zilizobaki zijirekebishe zenyewe. Yeye na Bob Frankston wakaitengeneza programu ya VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979. Ikafuatwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Sijui kama historia iliwahi kufanya mzaha mzuri kuliko huu, wa kuitengeneza dawa katika nyumba ile ile yalikokuwa yakipelekwa maradhi.

Dawa hiyo ilichelewa kufika vilimani. Mpango wa serikali wa kuzifanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo, ulioanza mwaka 1983, ulizidisha haja ya takwimu, lakini makarani wa wilaya wakaendelea na daftari na kikokotoo. Chuo cha walimu kilichoanzishwa Kisii mwaka 1965 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, na mwezi wa Februari mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Na mwaka huo huo serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zikashika kazi, nazo zikihitaji watu wa kupanga na kukadiria. Basi leo mwanafunzi wa sosholojia au wa maendeleo ya jamii hukusanya majibu kwa simu, akayafungua jioni katika Excel.

Anachojifunza kwanza, akiwa na mwalimu mwema, si fomula bali adabu ya mistari: mhojiwa mmoja mstari mmoja, swali moja safu moja, wala asichanganye umri na kazi katika seli moja. Pili hujifunza kutomwamini mwandishi, hata akiwa mwandishi ni yeye mwenyewe. Akiandika jina la mahali, Keumbu, mara thelathini, na mara nne kati ya hizo akaacha nafasi tupu baada ya herufi ya mwisho, kompyuta itampa Keumbu mbili, moja ya watu 26 na nyingine ya watu wanne, na macho yake hayataona tofauti mpaka atumie amri ya TRIM kuzikata nafasi hizo. Wapo wanaoikwepa taabu hii kwa kumlipa mtu wa duka la kompyuta awafanyie uchambuzi wa tasnifu, wakarudishiwa majedwali mazuri wasiyoweza kuyaeleza mbele ya wasahihishaji. Biashara hiyo naiona kuwa ni kuirudisha buni ng'ambo, ingawa ng'ambo ya sasa ni upande wa pili wa barabara.

Natuchukue mfano ambao kila mtu aweza kuujaribu. Katika safu ya A, kuanzia mstari wa pili, andika majina ya kaunti mbili. Katika safu ya B hesabu ya sensa ya mwaka 2009, yaani Kisii 1,152,282 na Nyamira 598,252. Katika safu ya C ile ya mwaka 2019, Kisii 1,266,860 na Nyamira 605,576. Katika D2 andika =(C2-B2)/B2, kisha ivute chini. Kisii imeongezeka kwa karibu asilimia 10 katika miaka kumi, na Nyamira kwa asilimia 1.2 tu.

Mwenye pupa atataka sasa kurudi nyuma hadi sensa ya mwaka 1979, ambapo Kisii ilikuwa na watu yapata 870,000, na atasema kwamba katika miaka 40 wameongezeka kwa chini ya nusu. Amekosea, madhali Kisii ya mwaka 1979 ilikuwa ni Kisii na Nyamira pamoja, na Nyamira ilikatwa kuwa wilaya mbali baadaye. Akijumlisha kaunti zote mbili za mwaka 2019 atapata 1,872,436, yaani zaidi ya mara mbili. Fomula ni sahihi katika hali zote mbili, na hakuna taa nyekundu itakayomwakia.

Na ile asilimia 1.2 ya Nyamira, je, ni uzazi uliopungua, katika nchi ambayo wastani wake ulikuwa watoto wanane kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa haufiki wanne, au ni vijana waliohamia Nairobi na kwingineko, au ni hesabu yenyewe iliyokosa watu? Majedwali ya sensa yamewagawa watu kwa marika ya miaka mitano mitano. Upungufu ukiwa katika walio chini ya miaka kumi, sababu itafutwe kwanza katika uzazi. Ukiwa katika wale wa miaka 20 hadi 34, itafutwe katika mabasi ya asubuhi yaendayo Nairobi. Na ukienea katika marika yote kwa kiasi kimoja, basi yafaa kuwauliza wahesabuji.