Kabambe ama Simu Janja: Gani Itakubeba Kutoka Kitengela Hadi Kajiado?

Hili swali halikosi kwa base ya nduthi Kitengela: ukiwa na thao mbili mfukoni, unachukua kabambe mpya ama unaziweka deposit ya simu janja ya mkopo? Wasee hujibu haraka juu ya swag. Lakini hizi ni kompyuta mbili, zote zinatoshea mfukoni, na kila moja iko na kazi yake. Ukichagua vibaya, kitakachouma ni doo.

Ndio, kabambe pia ni kompyuta. Iko na chipu, iko na memori, iko na programu zake. Tofauti kubwa ni pale hesabu inafanyiwa. Ukibonyeza *334#, simu yako haipigi hesabu yoyote. Inatuma tu namba ulizobonyeza hadi kwa mitambo ya kampuni, mitambo inafanya kazi, halafu unarudishiwa menyu ya maandishi yasiyozidi herufi 182. Hiyo njia inaitwa USSD na haipitii kwa intaneti. Ndio maana haikuulizi bando, na ndio maana simu ya thao na kitu inatuma pesa sawa tu na simu ya laki.

M-PESA ilizinduliwa Machi 2007, wakati simu janja mtaani zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Kwa hivyo ilijengwa ndani ya laini, si ndani ya simu. Toa laini yako, iweke kwa kabambe ya budako, menyu inakufuata. Na huduma nyingi zilizokuja baadaye zilifuata njia hiyo hiyo. Fuliza ya 2019 inaingia kwa kabambe. Hustler Fund, tangu Novemba 2022, ni *254#. Kujisajili SHA ni *147#. Token za stima unalipa kwa paybill 888880 ukiwa umekaa gizani na katululu yako, na tochi ikiwaka. Hiyo tochi enyewe iko na historia: Nokia 1100 ya 2003 ndiyo iliifanya iwe maarufu, mtaa ukaipa jina mulika mwizi, na hadi leo kabambe bila tochi haiuziki.

Kitengela bila apu ni noma

Sasa, usinielewe vibaya. Kitengela ya sai si Noonkopir ile ya zamani ya maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Huu ni mtaa wa watu wanaofanya kazi EPZ Athi River, wengine Nairobi, na keja mpya zinamea kila wiki. Nyingi ziko kwa njia ambazo hazina jina. Mteja anakwambia "pita transfoma, kona ya pili, geti nyeusi," na kuna mageti nyeusi sita. Ukiwa dere wa nduthi au unafanya delivery, ramani ndiyo kazi yenyewe. Kabambe haina ramani, na apu za usafiri haziwezi kuingia humo.

Vile vile kama unauza mitumba, keki ama viatu. Duka lako ni WhatsApp Status na TikTok. Picha moja safi ya jioni inaleta oda kuliko kibao cha barabarani. Hapa simu janja si starehe, ni jembe. Kuna kabambe za 4G zenye KaiOS ambazo watu walikuwa wananunua wakitegemea WhatsApp, lakini katikati ya 2024 WhatsApp iliacha kupakuliwa upya kwa hizo simu. Muuzaji akikuambia "hii kabambe iko na WhatsApp," mwambie aifungue mbele yako kabla ya kutoa pesa.

Na kama unataka janja bila kuvunja benki, hauendi mbali. Ng'ambo tu ya mtaa, Athi River, kuna kiwanda cha EADAK kilichofunguliwa rasmi Oktoba 2023, ambacho Safaricom ni mmoja wa wenyewe. Simu za kwanza kutoka hapo zilikuwa Neon Smarta kwa Sh7,499 na Neon Ultra kwa Sh8,999. Usitarajie kamera ya kutisha. Lakini ramani, WhatsApp na apu ya kazi ndiyo mambo ziliundiwa.

Ukishapita Isinya

Kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini ni kama kilomita 50. Barabarani network iko poa. Ni ukitoka lami ndio stori inabadilika, ukielekea upande wa Mashuuru ama ndani ndani kwa maboma. 4G inakonda, stima inapotea, na pahali pa kucharge ni sola ya jirani.

Betri ya simu janja ni mAh 5,000 hivi, ya kabambe kama 1,000. Ukiangalia namba pekee utadhani janja inashinda. Wapi. Skrini kubwa inakula, apu zinaongea na intaneti hata ukiwa umelala, na mbaya zaidi, network ikiwa hafifu simu inaongeza nguvu kutafuta mlingoti. Siku moja ya kutembea na mifugo inaweza kuimaliza kabla ya saa kumi jioni. Kabambe yenye betri ndogo inakaa siku kadhaa juu haina kazi nyingi: inangoja tu simu na meseji.

Fikiria mzee anapeleka mbuzi soko la Bissil. Anachohitaji ni kupigia mtu aliyeko sokoni amuulize bei leo ikoje, na kupokea pesa akiuza. Hayo yote ni kabambe. Lakini kijana wake anayetafuta mnunuzi wa Kitengela kabla ya kupakia mbuzi kwa pikapu atataka picha na video. Boma moja, kompyuta mbili, na hakuna aliyekosea.

Mkopo ndio mtego

Hapa ndio wengi huangukia. Simu za mkopo zimefungua mlango kwa watu wengi, huwezi kataa. Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ilianza 2020 kwa mbao kwa siku, M-KOPA iliyoanza na taa za sola sai inajulikana zaidi kwa simu. Lakini karibu zote zinafanya kazi kwa njia moja: usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Si laini, ni simu. Unabaki na kioo.

Sasa weka hiyo kwa maisha ya mtu wa nduthi. Mvua imenyesha siku mbili, hujapata wateja, hujalipa. Simu inafungwa. Apu ya kazi ilikuwa ndani. Kwa hivyo hata jua likiwaka hauna njia ya kupata doo ya kuifungua, mpaka ukope kwa mwingine. Kabla ya kusaini, piga hesabu ya primari. Tuseme, kwa mfano tu, deposit ni Sh2,500 na malipo ni Sh70 kwa siku mwaka mzima. Hiyo ni 25,550, ongeza deposit, jumla 28,050. Halafu ingia duka uulize bei ya hiyo simu kwa cash. Kama cash ni 16,000, umelipa zaidi ya thao kumi na mbili juu yake. Labda bado inakufaa, juu itakuingizia zaidi ya hiyo. Lakini ijue hiyo namba.

Kuna mkopo mwingine unaopitia kwa janja pekee: apu za loan. Nyingi zimezoea kuomba ruhusa ya kuona namba zako zote, na ukichelewa, mathe, pasta na bosi wanapigiwa. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilipiga faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, kwa mambo kama hayo. Kabambe haina hiyo shida kwa sababu rahisi: apu haina pa kuingilia.

Vile wajanja wa mtaa hufanya

Wasee wengi waliokaa stage muda mrefu hubeba zote mbili, na mpangilio wao uko na akili. Laini ya pesa inakaa kwa kabambe, mfuko wa ndani. Laini ya bando inakaa kwa janja, ile iko mkononi ikiangalia ramani. Msee wa kunyakua akipita na nduthi, anaenda na kioo. Akiba, Fuliza na meseji za benki zimebaki kwako. Ukiweka kila kitu kwa janja moja, mwizi anapata simu na pia anapata mahali ambapo namba za siri za kubadilisha password zinatumwa.

Kwa hivyo kama mimi ndiye nachagua: anayeanza kazi ya apu Kitengela, chukua janja ya bei ya chini kwa cash kama inawezekana, halafu kabambe ikifuata. Mkulima ama mfugaji wa ndani ya Kajiado, kabambe kwanza, na usiruhusu mtu akuchekelee. Mwanafunzi, janja, lakini bila apu za loan. Mwenye kibanda cha mboga anayepokea pesa tu, kabambe inatosha kabisa mpaka siku utaanza kupokea oda kwa picha.

Chochote utakachonunua, bonyeza *#06# hapo hapo dukani. Namba ya IMEI ikitokea, ilinganishe na ya kwa boksi, halafu iandike pahali pengine, si kwa hiyo simu. Ukifika keja, bonyeza *106# ucheki ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha ingia settings uweke PIN ya laini yenyewe, tofauti na ya M-PESA, ndio mwizi akiitoa na kuiweka kwa simu yake ikatae. Kuwa makini tu: ukikosea mara 3 laini inajifunga mpaka upate PUK.